Rejeta Niliyoichagua Mimi

Mume wangu Yoakimu si mtu wa maneno. Katika nyumba hii maneno yote nimeyasema mimi, miaka thelathini na moja sasa, na yeye hajawahi kunijibu kwa ukali hata siku moja. Watu wa Gendabi watawaambia kwamba Yoakimu ndiye aliyemuua binti yake kwa uzembe. Waulizeni njiani, hata watoto watawaambia hivyo hivyo. Mimi nataka niwaeleze mtu huyo ni nani hasa. Nawaeleza ninyi kwa sababu ninyi si wakwe zangu, na njia ya kufika Bashay hamuijui.

Alizaliwa huko huko Bashay, upande wa Mbulu, nyumba ya wakulima wa mahindi na maharage. Shule ilimwishia darasa la saba. Akaenda kwenye mashamba ya ngano ya Basotu, akajifunza trekta kwa kumkodolea macho dereva siku nzima, mpaka dereva akachoka akamwachia usukani. Aliponioa alikuwa na mashati mawili, moja la kazi na moja la kanisani. Tukahamia Gendabi, huku chini upande wa ziwa, kwa sababu ndiko ardhi ilikopatikana. Siku tunafika nilimwambia, "Umeniletea nchi ya vumbi na maji ya magadi." Akacheka, akachukua jembe.

Gari halikuwa letu. Lilikuwa la kikundi. Familia za kitongoji chetu, sisi wakulima na majirani zetu wafugaji, tulichanga tukanunua kwenye mnada mkonga, ile Landkruza ndefu yenye bomba la kupumulia juu, ili wagonjwa wetu wafike hospitali ya Haydom bila kungoja basi. Dereva hakupigiwa kura. Mwenyekiti Nicodemo alimkabidhi Yoakimu ufunguo mbele ya watu wote na hakuna aliyeguna. Tangu siku hiyo, miaka tisa, kila asubuhi kabla hajanawa uso aliweka kiganja chake juu ya boneti kama anayempima mtoto homa. Alipeleka waliovunjika, walioumwa na nyoka, wajawazito. Wengine aliwarudisha wamekaa mbele wanapiga soga. Wengine aliwarudisha nyuma, wamefunikwa. Habari za hao hakunisimulia kamwe, na mimi nilikuwa namsema kwamba anarudi na uso wa kununa.

Binti yetu Oliva alikuwa mmoja wa wale waliorudi wamekaa. Aliolewa na Lukasi, kijana wa Bashay, mpole, mchapakazi. Mimba ya kwanza alijifungulia nyumbani kwa wakwe. Mtoto alikufa, na damu ikamtoka Oliva mpaka akawa mweupe midomo. Haydom walimwongezea chupa nne. Daktari akatuita, akatuambia damu yake ni ya kundi adimu, haipatikani kila mahali. "Akishika mimba nyingine," alisema, "asizalie popote isipokuwa hapa, ambapo damu yake tutakuwa tumeiandaa." Maneno hayo niliyashika. Hata leo ukiniamsha usingizini nitakuambia alivyoyasema.

Kwa hiyo aliposhika mimba ya pili, Lukasi alimleta kwetu mwezi wa sita, kiangazi kikianza. Alisimama mlangoni na kofia mkononi.

"Shikamoo baba, shikamoo mama. Nimemleta kwenu kwa sababu gari liko kwenu. Kwetu mvua zikianza hakuna gari linalopanda kile kilima, na pikipiki siwezi kumpakia mtu wa hali hii."

"Marahaba, mwanangu," Yoakimu alimjibu. "Atafika."

Basi, mwezi huo huo ndipo gari likaanza kuchemsha. Rejeta ya zamani ilikuwa ya shaba, na fundi Evarist wa mjini Katesh alikuwa ameichomelea mara nyingi mpaka akasema, "Mzee, sasa nachomelea risasi ya kuzibia juu ya risasi. Hii imekufa. Tafuta nyingine." Kikundi kikakubali inunuliwe nyingine. Oliva alitarajiwa mwisho wa mwezi wa kumi na moja. Nilimwambia Yoakimu sikai nyumbani kungoja atakachoniletea, nami naenda Katesh. Mtoto ni wangu, rejeta naichagua na mimi.

Duka la spea tulilokwenda pamoja na fundi Evarist ni la Farouk, kijana mwenye heshima, baba yake aliuza spea pale pale kabla yake. Alituamkia, akatutandikia mkeka wa plastiki sakafuni na kutuwekea rejeta mbili. Moja ilikuwa mtumba, ya shaba, safu tatu, nzito, imeota kijani pembeni na sikio moja limepinda. Imetolewa kwenye gari lililoanguka. Nyingine ilikuwa mpya kwenye boksi lake, ya alumini, matangi ya plastiki nyeusi huku na huku, inang'aa. Niliinyanyua mwenyewe kwa mkono mmoja.

Yoakimu hakuigusa ile mpya. Alichuchumaa kwenye ya shaba, akaziba tundu moja kwa kiganja, akapuliza kwa mdomo tundu la pili, akatega sikio. Akafanya hivyo mara tatu. Kisha akasema, "Hii."

"Hii nini?"

"Hii tunaijua, Mama Oliva. Ikitoboka, Evarist anachomelea. Ile nyingine ikitoboka hakuna wa kuigusa hapa."

Hapo ndipo nilipomwaga radhi. Dukani, mbele za watu. Nilimwambia ameendesha makopo maisha yake yote, amenilaza kwenye makopo, na sasa anataka kumpakia binti yangu kwenye kopo la marehemu. Nilimwambia kwa mara moja tu katika maisha yake anunue kitu ambacho hakijafia kwa mtu mwingine. Watu walicheka. Farouk naye akatabasamu, akasema, "Kipya kinyemi ingawa kidonda, mama," na watu wakacheka zaidi. Yoakimu aliinuka, akapangusa vumbi la magoti. Alinitazama kidogo.

"Sawa," akasema. "Kama itakufanya ulale, tuchukue mpya."

Akatoka nje na Evarist kwenda kupima kama matundu ya boliti yatakutana na gari. Nikabaki na Farouk anaifunga rejeta kwenye boksi. Ndipo aliponiambia.

"Mama, nikwambie jambo moja. Hii ni alumini. Haipendi maji ya magadi, inaliwa ndani kwa ndani. Wekeni kulanti."

"Unataka kuniuzia na hilo dumu la maji ya rangi."

"Hapana mama, hata maji ya mvua yanatosha. Ila hayo ya kisima cha kwenu, hapana."

"Nimesikia," nikamjibu.

Na nilikuwa nimesikia. Sikusahau, niwaambie wazi. Ningekuwa nimesahau ningepata pa kujificha. Sikuamini tu. Kisima chetu maji yake yana magadi, ndiyo. Meno yetu ni ya kahawia kwa ajili yake, na maharage yakichemshiwa humo yanaiva upesi. Lakini ng'ombe wote wanayanywa, na rejeta ya zamani iliyanywa miaka tisa haikufa kwa maji, ilikufa kwa uzee. Kijana wa dukani atanifundisha nini kuhusu maji ambayo nimeyabeba kichwani tangu nilipoolewa? Yoakimu alipoingia ndani sikumwambia kitu.

Hapa lazima mjue tunavyoishi. Gari alilihudumia Yoakimu: oili, matairi, mikanda. Lakini maji ni kazi ya mama. Kila asubuhi nilijaza madumu mawili, nikayaweka kando ya tairi la mbele, na yeye akamimina. Hakuuliza yametoka wapi. Kwetu mwanaume akianza kuulizia maji yametoka wapi, ni kama anamwambia mke wake kazi yake haijui.

Nyumbani tulikuwa na tanki la maji ya mvua, lakini kiangazi kile lilikuwa limeshuka chini ya nusu. Oliva miguu ilikuwa imemvimba. Muuguzi wa zahanati alimwambia apunguze chumvi, na mimi nikasema basi, maji ya tanki ni ya Oliva peke yake, ya kunywa na ya chai na ya uji. Nilifunga bomba kwa kamba ili mtu mwingine asichote. Gari nikaliwekea ya kisima.

Mwezi wa saba na wa nane gari lilikwenda vizuri ajabu. Mshale wa joto ulikaa katikati hata mlimani. Nilimtambia Yoakimu. "Unaona? Ungekuwa unachomelea sasa hivi." Alisema ni kweli, anaona. Alikuwa mtu wa kukubali.

Mwezi wa kumi akaniambia, "Hii rejeta inakunywa." Kila siku maji yalipungua kidogo na chini hapakuwa na tone. Mwezi wa kumi na moja ulipoanza, kwenye kifuniko alikuta uteute mweupe, akaunusa, akaupangusa kwa kitambaa. Akasema Jumamosi atampelekea Evarist aione. Nikamwambia kitu kipya lazima kizoee, aache mkosi. Hiyo ilikuwa Jumatano, wiki ya kwanza ya mwezi wa kumi na moja. Alhamisi saa tatu asubuhi Oliva aliniita kutoka chumbani, akiwa ameshika ukuta. Uchungu ulikuwa umekuja wiki tatu kabla ya siku zake.

Tulimlaza nyuma kwenye godoro, mimi nikakaa nikampakata kichwa. Yoakimu alikagua kila kitu, akajaza rejeta mpaka juu, akapakia na madumu mawili ya akiba. Alipiga simu Haydom, wakasema mleteni, damu ipo. Ilikuwa njia ambayo angeweza kuiendesha akiwa amefumba macho. Tulipita Basotu kabla ya saa tano. Oliva alikuwa anaongea. Aliniambia akizaa msichana watampa jina la mama yake Lukasi, Paskalina, nami nisinune. Nikamwambia nitanuna.

Kwenye mwinuko wa kwanza baada ya Basotu nilisikia injini inabadilika sauti. Yoakimu akasimama. Alipofungua boneti mvuke ulimfunika, akaungua mkono. Nilishuka. Maji hayakuwa yanatoka kwenye mpira wala kwenye tundu moja. Rejeta nzima ilikuwa inatoka jasho, mbele na nyuma, kila mahali. Sijawahi kuona kitu cha namna ile.

Alifanya yote ambayo madereva wa huku wanayajua. Aliponda sabuni ya mche akapaka. Akachanganya unga wa mahindi akamimina ndani uzibe. Akamimina dumu la kwanza, tukaenda mwendo mfupi, ikachemka. Akamimina la pili. Yalikuwa maji yale yale ya kisima. Nilimtazama anayamimina na maneno ya Farouk yakanirudia yote, moja baada ya jingine. Sikusema. Hata ningesema, pale hapakuwa na maji mengine ya kutosha rejeta. Tulikwenda kidogo tena, injini ikagonga mara mbili ikazima. Haikuwaka tena.

Yoakimu alipanda kilima mbio kutafuta mtandao. Ni mtu wa miaka hamsini na nane na alikimbia kama kijana. Gari la hospitali lilikuwa limekwenda upande mwingine, wakasema likigeuka litakuja. Akashuka akasimama katikati ya barabara, ameinua mikono. Ilipita pikipiki moja, akamtuma dereva wake aende kuita gari lolote. Jua lilikuwa kali. Saa nane Oliva alijifungua mikononi mwangu, mtoto wa kike, akalia mara moja. Nilifurahi, siwadanganyi, nilifurahi kwa muda wa kukata kitovu. Halafu damu ikaanza.

Nilimkanda tumbo kama nilivyowahi kuona wakunga wakifanya. Nilimziba kwa khanga zangu zote mbili, na kwa shati la Yoakimu. Oliva aliniambia anaona baridi, kwenye jua lile. Akaniomba maji, na chupa yake ya maji ya tanki ilikuwepo, nikamnywesha. Lori la vitunguu lilitufikia saa tisa na nusu. Yoakimu alimnyanyua peke yake akampandisha juu ya magunia. Tulikuwa tumebakiza mwendo wa kama nusu saa aliponiacha. Nilijua. Baba yake hakujua, alikuwa bado anamwambia, "Tumefika mama, tumefika." Hospitali walimpokea mtoto wakaingia naye ndani, akapona.

Tulizika Bashay, kwa mume wake. Baada ya wiki Evarist alilivuta gari hadi Katesh akaifungua ile rejeta. Yoakimu alikwenda peke yake. Mimi nilijua atakachokikuta: ute mweupe kama uji, na mabati yake ya ndani yameliwa kama mti uliopitiwa na mchwa. Evarist alimuuliza mmetia maji gani humu. Farouk akaitwa, akasema, "Mzee, mimi nilimwonya mama siku ile ile." Hayo aliniambia Evarist mwenyewe baadaye. Yoakimu aliwaomba wote wawili, kwa heshima, wasimwambie mtu mwingine neno hilo. Aliporudi nyumbani aliniuliza kama kuna chakula. Nikampa. Akala.

Baadaye kikaitishwa kikao kwetu. Walikuja watu wa kikundi, na Lukasi na mama yake, wamembeba mtoto, ili tuzungumze nani atamlea na gari limekuwaje. Nicodemo akauliza mbele ya wote.

"Yoakimu, tumesikia rejeta iliharibiwa na maji. Dukani hamkuonywa?"

Nilifungua mdomo. Namwapia Mungu nilifungua. Yoakimu alikuwa ameshasimama na kofia mkononi.

"Nilionywa," akasema. "Maji niliyatia mimi. Nilidharau."

Akanitazama mara moja tu, kisha akatazama chini. Na mimi, mwanamke wa maneno, nikafunga mdomo. Nawaambia sababu, msije mkadhani nilipatwa na bumbuwazi. Mtoto alikuwa pale mbele yangu kwenye mapaja ya yule mama, amevaa kofia aliyoifuma Oliva. Niliogopa kwamba nikisema ni mimi, sitamshika tena.

Nicodemo alinyoosha mkono, Yoakimu akampa ufunguo. Lukasi alisimama. Kijana yule ambaye hajawahi kuinua sauti siku hiyo aliinua.

"Baba," akasema, "nilikuletea mke wangu kwa sababu ya gari. Mwanangu mikono yako haitamshika. Mama atamwona, nitamletea. Wewe, hapana."

"Sawa, mwanangu," Yoakimu akamjibu.

Ni miaka miwili imepita. Yoakimu hakugusa usukani tena. Kanisani anakaa benchi la nyuma na nafasi mbili kila upande hubaki wazi. Jirani yetu Gidahosh, mfugaji, ndiye pekee anayekuja kukaa naye, na hawasemeshani sana. Mimi nimepunguza maneno, lakini hilo halimsaidii mtu.

Kila baada ya Jumapili mbili Lukasi anamleta Paskalina kwa pikipiki. Anatembea sasa, na anaanza kusema. Paji lake la uso ni la Oliva kabisa. Mwezi uliopita nilimwambia Yoakimu imetosha, safari hii Lukasi akija nitasema yote, ili naye apumzike. Alikuwa anakunywa chai. Akaweka kikombe chini.

"Ukisema, atamkosa bibi pia," akasema. "Mtoto atabaki na nani wa kumsimulia mama yake?"

"Na wewe je?"

"Mimi nimezoea kumwona kwa mbali."

Tukasikia pikipiki inapanda. Akachukua jembe, siku ya Jumapili, akapitia mlango wa nyuma kwenda shambani. Nilikuwa na muda wa kumwita. Nilijifunga khanga vizuri, nikatoka mbele, nikanyoosha mikono, na mtoto akanikimbilia.